Nyangi ni Mtoto wa Nani?

Tangazo kwamba Sophie Turner ataigiza Lara Croft, shujaa wa gemu anayesaka vitu vya kale, katika mfululizo wa televisheni wa Amazon limefika hadi Shirere, mjini Kakamega. Katika chumba cha gemu, vijana wanne wamebanana kwenye benchi moja, padi ni mbili, na jina la Lara wanalijua wote. Likitajwa la Nyangi, wanatazamana.

Toby Gard, aliyembuni Lara huko Derby, Uingereza, alianza kwa kumwita Laura Cruz, mwanamke wa Amerika Kusini. Gemu ilipotoka mwaka 1996, alikuwa Mwingereza wa ukoo wa kitajiri. Katika simulizi la mwanzo ananusurika ajali ya ndege Himalaya akiwa na miaka 21. Katika lile la 2006 ni mtoto wa miaka tisa. Mashabiki wanabishana juu ya utoto wake kana kwamba ni binti wa jirani.

Nyangi ni wetu. Mkenya Wesley Kirinya alimtoa mwaka 2007 katika The Adventures of Nyangi, mojawapo ya gemu za kwanza za pande tatu kutengenezwa nchini. Naye husaka vitu vya kale, ila huvisaka Afrika. Pale Shirere hakuna aliyepata kuuliza ukoo wake.

Mwaka huohuo wa 2007 kisa cha kweli cha vitu vya kale vilivyosakwa kilifikia mwisho wake Kilifi. Mzee Kalume Mwakiru alikuwa amesimika vigango viwili, nguzo za mti zilizochongwa kuwakumbuka ndugu zake waliofariki. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mwaka 1985 akiwa kando ya nguzo hizo. Muda mfupi baadaye ziliibwa. Miaka ikapita, kimoja kikaonekana katika Jumba la Makumbusho la Jimbo la Illinois, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ndiyo iliyowarudishia marehemu jina lao, maana kigango kikishang'olewa na kuuzwa, mnunuzi huona pambo tu. Hajui ni ndugu ya nani. Vyote viwili vilirudishwa, na mzee mwenyewe hakuwapo kuvipokea.

Ndiyo sababu asili ya shujaa si jambo dogo. Anayemfundisha mtoto kuokota hazina bila kuuliza mwenyewe ni nani, anamfundisha wizi, hata kama ni kwa mchezo. Watengenezaji wetu wa gemu wana deni hapa, na wazazi pia.

Visa vya kutengenezea gemu havijakosekana. Huko Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, lipo Jiwe Linalolia, Ikhongo Murwi, linalotiririka maji hata wakati wa kiangazi. Wazee husimulia kwamba ni msichana aliyempenda mwanamume ambaye baba wa msichana alimkataa, akageuzwa jiwe, na hadi leo analia. Baba huyo alikuwa nani? Kijana alikwenda wapi? Nyanya wa jamii za Isukha na Idakho wana majibu yao, na hayafanani.

Mfululizo wa Lara utapata watazamaji wake hata Shirere. Kutoka hapo hadi Ilesi ni safari fupi ya bodaboda.