Mtu safi kwenye siasa za sinema: kweli au uongo?

Hadithi ya kijana mwadilifu anayeingia kwenye siasa, akakuta mafisadi wamekalia viti na magazeti yamo mifukoni mwao, haizeeki. Si ya kurushiana risasi, kwa hiyo kwenye kibanda umiza cha Dutwa, Bariadi, huenda ikasubiri zamu nyuma ya filamu za mapigano. Ila DJ akishaipa Kiswahili, kila mtu atakuwa na lake la kusema. Tuyapime machache.

"Mtu safi akisimamia ukweli, mwishowe hushinda."
Uongo wa Hollywood. Katika Mr. Smith Goes to Washington ya mwaka 1939, James Stewart ni Smith, seneta mgeni anayehutubia Seneti karibu saa 24 bila kuketi. Sauti imekauka, ndevu zimeota. Kisha yanaletwa makapu ya telegramu, anazishika kwa viganja viwili: zote zinamtaka aache. Anaanguka juu ya telegramu hizo. Anayemwokoa si hotuba, ni dhamiri ya adui yake inayomsuta hadi akakiri. Wangapi wanaye adui wa namna hiyo?

"Ni filamu za Wamarekani, hazituhusu."
Uongo. Softie ya Mkenya Sam Soko, iliyotoka 2020, inamfuata Boniface Mwangi akigombea ubunge wa Starehe, Nairobi, mwaka 2017. Humo hakuna mwigizaji. Mwangi alishindwa na mwanamuziki Jaguar.

"Adui mkubwa ni vyombo vya habari."
Nusu kweli. Magazeti ya Taylor, bosi wa kisiasa katika filamu hiyo, yanamchafua Smith, na watoto wanaochapa kagazeti kao kumtetea wanashambuliwa barabarani. Lakini Mwangi mwenyewe alikuwa mpigapicha wa habari; picha zake za ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, 2007 na 2008, ndizo zilizomtambulisha.

"Gazeti likimwanika mwanasiasa, amekwisha."
Uongo, na Bariadi wanalijua hilo kuliko wengi. Aprili 2008 Andrew Chenge, mbunge wa huko, alijiuzulu uwaziri wa miundombinu baada ya habari za zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti ya Jersey, fedha alizoziita vijisenti. Alikana kuhusika na rushwa ya ununuzi wa rada ya serikali, wala hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa hilo. Mwaka 2010 alichaguliwa tena kuwa mbunge, na 2015 vilevile.

"Fisadi ni mkubwa, mpiga kura ni mwathirika tu."
Uongo: mpiga kura naye ana sehemu yake, na hilo ndilo sinema ya Marekani ililolikwepa. Smith hakuomba kura hata moja. Aliteuliwa na gavana kuziba nafasi ya seneta aliyefariki. Mwangi alikwenda mtaani mikono mitupu, akakutana na watu wanaomuuliza kawaletea nini. Kwetu Tanzania nako mkono wa mgombea kwa wapiga kura ulikuwa na jina la heshima, takrima, lililoingizwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, likadumu hadi Mahakama Kuu ilipolifuta Aprili 2006. Sheria ilifutwa, fulana, kofia na noti ya kukunja havikusubiri ruhusa ya sheria. Kwa maoni yangu, dakika hizo za Softie zina uzito kuliko saa zote 24 za Smith.

"Akishindwa mara moja, harudi tena."
Uongo. Agosti 2025 Mwangi alitangaza kuwania urais wa Kenya mwaka 2027.