Kufunga taya kwa waya hakufungi njaa

Mama mmoja wa miaka 52 alifika katika kliniki yangu mwezi uliopita na ombi ambalo sikuwahi kuombwa tangu nianze kazi hii. Bintiye anaolewa Desemba, naye alitaka kupunguza kilo 20 kabla ya siku hiyo.

"Daktari," aliniambia, "si nyinyi huwafunga waya wanaovunjika taya kwenye ajali za bodaboda? Wote hutoka hospitalini wamekonda. Nifungeni na mimi."

Nilicheka, kisha nikatambua kwamba yeye hacheki.

Msomaji, usimdharau mama huyu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi kiasi. Na jambo aliloomba limewahi kufanywa na madaktari wenye sifa zao, na hadi leo wapo wanaolitetea.

Mtu aliyevunjika taya hufungwa meno ya juu na ya chini kwa waya, yakashikana kwa muda wa wiki kadhaa hadi mfupa uunge. Anaweza kupumua, anaweza kuzungumza kwa kubana meno, lakini hawezi kutafuna. Huishi kwa uji, maziwa na supu, na aghalabu hupungua uzito. Katika miaka ya 1970 madaktari waliokuwa wakitibu watu wanene kupindukia walijiuliza: mbona tusiwafunge hawa pia? Baadaye, huko Marekani, wakatokea madaktari wa kunyoosha meno waliotumia njia nyepesi zaidi: vifungo vidogo vinabandikwa kwenye meno kwa gundi, kama vile vya watoto wanaorekebishwa meno, kisha vya juu na vya chini vinaunganishwa kwa waya mwembamba.

Je, uzito hupungua? Naam, na pasipo shaka yoyote. Mwaka 1977 madaktari wa Adelaide, Australia, walichapisha katika jarida la Lancet habari za wagonjwa 17 waliofungwa taya. Katika miezi 6 walipungua takriban kilo 25. Shida ilianza siku waya zilipokatwa, kwani wengi wao walianza kunenepa tena.

Sababu haikuwa ulafi. Mwili ukipoteza kilo nyingi huchukulia kwamba kuna njaa nchini. Homoni inayoleta hamu ya kula hupanda, ile inayotuambia tumeshiba hushuka, na mwili huanza kutumia nguvu kwa ubahili. Utafiti mmoja wa mwaka 2011 uligundua kuwa homoni hizo zilikuwa bado hazijarudi mahali pake mwaka mzima baada ya watu kupunguza uzito kwa kujinyima chakula. Waya ziko mdomoni, ilhali njaa inatawaliwa na ubongo.

Mwingereza mmoja, Dkt John Garrow, alijaribu kulitatua tatizo hilo kwa njia itakayowachekesha akina nyanya zetu. Baada ya kuwafungua taya wagonjwa 7, ambao kwa wastani walikuwa wamepoteza kilo 31.8, aliwafunga kamba ya nailoni kiunoni. Mtu akianza kunenepa, kamba inambana. Katika taarifa yake ya mwaka 1981 alieleza kuwa miezi 4 hadi 14 baadaye walikuwa wamerudisha kilo 5.6 pekee. Wanawake wetu waliovaa ushanga kiunoni walijua siri hiyo bila kuandikia jarida lolote.

Mjadala ulikuwa umepoa hadi Juni 2021, Chuo Kikuu cha Otago cha New Zealand kilipotangaza kifaa kipya. Hiki hubandikwa kwenye magego ya juu na ya chini, na kwa nguvu ya sumaku huzuia kinywa kufunguka zaidi ya milimita 2. Wanawake 7 walikitumia kwa wiki 2 huku wakinywa chakula cha majimaji tu, na walipungua kwa wastani kilo 6.36. Dunia ilipiga kelele: hiki ni chombo cha mateso, watu wakasema, wanene wanafungwa midomo kama mifugo. Watafiti walijibu kuwa hawakukusudia kitumiwe na kila anayetaka kukonda, bali na wagonjwa wanaohitaji upasuaji ambao hauwezi kufanywa hadi wapungue kwanza.

Hoja hiyo naikubali. Mgonjwa anayesubiri upasuaji, aliye chini ya uangalizi, kwa wiki chache, huyo nitamwelewa. Ninachopinga ni mtu kufungwa kisha akarudi zake nyumbani kuendelea na maisha.

Nina sababu. Nilipokuwa katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi baada ya chuo kikuu, niliitwa wodini saa nane za usiku. Kijana aliyefungwa taya alikuwa akitapika. Mtu wa namna hiyo hawezi kupanua kinywa atoe matapishi, na yakirudi ndani huweza kuingia mapafuni na kumuua. Ndiyo maana koleo la kukatia waya hutakiwa kuwa kando ya kitanda wakati wote. Usiku huo halikuwapo. Muuguzi alimlaza kijana kwa ubavu na kumwinamisha kichwa, nami nikakimbia hadi chumba cha upasuaji kulitafuta. Nilizikata zile waya mikono ikinitetemeka. Kijana alipona. Sasa fikiria hali hiyo katika chumba cha kukodi, mgonjwa akiwa peke yake na umeme umepotea.

Kuna madhara mengine yasiyo ya ghafla: meno huoza na fizi kuvimba kwa kutosafishwa vyema, kiungo cha taya hukakamaa, misuli ya mwili hupungua pamoja na mafuta, na wanaokonda kwa kasi hupata vijiwe katika kifuko cha nyongo.

Kwa mama yule kulikuwa na jambo jingine. Ana kisukari na anameza glibenklamidi, dawa inayoshusha sukari iwe umekula au hukula. Kumfunga taya bila kubadilisha dawa hiyo kungeweza kumwangusha jikoni kwake.

Kisha tukafanya hesabu ya chai. Anakunywa vikombe 5 kwa siku, kila kimoja vijiko 3 vya sukari. Hivyo ni vijiko 15, mbali na maziwa, na chai hupita katikati ya waya bila kizuizi chochote. Hata soda hupita. Mmoja wa wale wanawake wa New Zealand alikiri kuwa alikunywa chokoleti iliyoyeyushwa.

Aliniuliza pia kuhusu sindano za kupunguza uzito zinazozungumzwa sana siku hizi. Hizo angalau huigusa njaa yenyewe, lakini nazo si za kutumiwa kwa ajili ya harusi. Utafiti wa semaglutaidi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, watu walikuwa wamerudisha thuluthi mbili za uzito walioupoteza. Anayeanza ajue kwamba huenda akaendelea nazo kwa miaka mingi, na aulize bei kabla ya kuanza.

Tuliafikiana kuanza na sukari ya chai, nikambadilishia dawa ya kisukari, na nikamwambia wazi kwamba kilo 20 hazitatoka kufikia Desemba; tano au sita, labda. Hakufurahi. Atarudi nimpime baada ya wiki 4, ila aliniomba isiwe Jumamosi kwa sababu siku hizo ana vikao vya harusi.