Hakuna Atakayemlazimisha Mchungaji Wako

Tulikwenda Zuzu kuzungumzia mirathi na viwanja. Tangu Serikali ihamie Dodoma, mashamba ya mtama yaliyokuwa hayana mnunuzi sasa yanagombewa na ndugu sita na dalali mmoja, na wanaoumia ni wajane. Hatukufika mbali. Ilipitishwa karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, kutoka benchi la nyuma hadi mezani, kimyakimya kama bangi. Nilijua kilichoandikwa kabla sijaifungua: "Mheshimiwa wakili, hawa mashoga wakipewa haki zao, wachungaji na mashehe wetu si watalazimishwa kuwafungisha ndoa?" Muda wote uliobaki ukaliwa na karatasi ile. Mirathi hatukuigusa.

Swali hilo nimelikuta Mbabala, nimelikuta Nala, nimeulizwa kwenye daladala na kwenye harusi, na safari moja aliyeuliza alikuwa wakili mwenzangu, ambaye namsamehe kwa kuwa yeye ni mtu wa kesi za kodi. Jibu ni hapana. Mimi nasali Anglikana, na siandiki ili kubishana na Mambo ya Walawi wala kumfundisha askofu wangu teolojia. Naandika kama wakili. Kinachonikera ni kuona watu wazima wakikosa usingizi kwa ajili ya sheria isiyokuwepo, na iliyopo hawataki hata kuisoma.

Ibara ya 19 ya Katiba yetu inasema shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini viko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Waziri hapangi nani apewe komunyo. Mkuu wa mkoa hamchagulii imamu hotuba ya Ijumaa. Ibara hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mjadala huu, na ndiyo maana ina nguvu: inamlinda mchungaji wako dhidi ya kila serikali, hata ile anayoipenda.

Kama Katiba unaiona iko mbali, tazama talaka. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliipa mahakama uwezo wa kuvunja ndoa, na aliyeachika kwa hukumu yuko huru kuoa au kuolewa tena. Kanisa Katoliki halikubali. Kwake, hukumu ya mahakama ya wilaya haifungui kilichofungwa altareni. Ni zaidi ya miaka 50 sasa sheria ya nchi na sheria ya Kanisa zinasema vitu viwili tofauti kuhusu watu walewale, kwenye mitaa ileile. Nitajieni padri mmoja aliyepandishwa kizimbani kwa kukataa kumfungisha ndoa mtu mwenye hati ya talaka. Mimi simjui. Aliyekataliwa parokiani huenda bomani, kwa msajili, anafunga ndoa ya bomani, na Jumapili padri anaendelea na misa yake. Hivyohivyo kwa binti wa Kiislamu anayetaka kuolewa na Mkristo: shehe anakataa, wawili hao wanakwenda bomani. Hakuna shehe aliyewahi kuvutwa kanzu kwa hilo. Sasa nieleze: Serikali ambayo haijawahi kumlazimisha padri kwa mtalaka, itapata wapi ujasiri wa kumlazimisha kwa wanaume wawili?

"Lakini wakili, huko Ulaya wanalazimishwa." Wapi? Nikiuliza hivyo, mtu hunitajia video aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Basi tutembee kidogo.

Uingereza ilipitisha sheria ya ndoa za jinsia moja mwaka 2013. Sheria hiyohiyo inaweka wazi kwamba ndoa hizo haziwezi kufungwa kwa taratibu za Kanisa la Uingereza, yaani kanisa mama la Waanglikana. Bunge la London halikumlazimisha mchungaji wa Kianglikana kufungisha. Lilimfungia mlango hata yule anayetaka. Uswidi, Kanisa la Kilutheri liliamua lenyewe, Oktoba 2009, kufungisha ndoa hizo, na bado mchungaji mmoja mmoja ana haki ya kusema hapana. Nchi inayokaribia hofu yenu ni Denmark. Tangu 2012 wawili wa jinsia moja wanaweza kufunga ndoa katika kanisa la taifa. Mchungaji anaruhusiwa kukataa, ila kanisa litafute mwingine. Lakini zingatia hilo neno kanisa la taifa. Bunge la Denmark linatunga sheria za kanisa lake kwa sababu ni kanisa la dola. Bunge letu lipo hapa Dodoma, nalipita kila siku, na halina kanisa.

Afrika nchi inayofungisha ndoa hizi ni moja tu, Afrika Kusini, tangu Novemba 2006. Sheria yenyewe inasema hakuna kiongozi wa dini atakayeshurutishwa. Na ipo kesi ambayo wanaouliza swali lile hawajawahi kuisikia. Mchungaji wa Kimethodisti, Ecclesia de Lange, aliwatangazia waumini wake kwamba anamwoa mwanamke mwenzake. Kanisa likamwondoa kazini. Akaenda mahakamani, ngazi kwa ngazi, hadi Mahakama ya Katiba, ileile iliyofungua mlango wa ndoa hizo mwaka 2005. Novemba 2015 mahakama hiyo ikaitupa rufaa yake: kanisa lina utaratibu wake wa usuluhishi, alitakiwa aufuate kwanza. Hiyo ndiyo nchi mnayoambiwa imewafunga wachungaji minyororo.

Wala hatuna haja ya kwenda Johannesburg. Januari 2010 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walitoa tamko linaloitwa kwa jina la mji huu huu, Tamko la Dodoma, miezi michache baada ya Uswidi kuamua. Hawakumung'unya maneno. Walikataa ndoa za jinsia moja, wakasema wanaoziunga mkono hawataalikwa kufanya kazi ndani ya KKKT, na wakakataa fedha na misaada yao. Unaweza kukubaliana nao au la. Mimi nina maneno yangu kuhusu tamko lile, lakini siyo ya leo. Angalia tu lilivyopatikana. Halikuhitaji polisi. Halikuhitaji kifungu cha Kanuni ya Adhabu. Wakatoliki nao: Vatikani ilipotoa hati ya baraka tarehe 18 Desemba 2023, haikupita hata mwezi Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa akatangaza kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba baraka hizo kwa wapenzi wa jinsia moja hazitatolewa huku. Kanisa linaloweza kumjibu Papa haliwezi kushindwa kumjibu karani wa ndoa.

Hapo muulizaji hubadilisha mguu. "Sawa, labda si wachungaji. Lakini ukifuta kifungo leo, kesho wanadai ndoa." Huyu walau ana wenzake wakubwa. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu Nairobi walikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai ya Kenya, na sehemu ya hoja yao ilikuwa kwamba kuvifuta kungefungua njia ya miungano ya jinsia moja, wakati Katiba ya Kenya inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Kwa heshima zote kwa waheshimiwa majaji, wangevuka mpaka tu. Rwanda haina kifungo kwa watu wazima wawili wa jinsia moja walioridhiana, na katiba yake inatambua ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, basi. Kongo ya Kinshasa hakuna kifungu cha kuwafunga, na ibara ya 40 ya katiba yao ya 2006 inataja ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Msumbiji, majirani zetu wa kusini, waliondoa adhabu hiyo kwenye sheria mpya ya jinai iliyoanza kutumika 2015. Shelisheli 2016. Botswana ilikwenda kwa mahakama: hukumu Juni 2019, rufaa ya Serikali ikatupwa Novemba 2021. Katika nchi hizo zote hakuna hata moja inayofungisha ndoa hizo.

Geuza upande wa pili. Uganda ilipiga marufuku ndoa za jinsia moja ndani ya katiba yenyewe mwaka 2005. Kama shida ilikuwa ndoa, ilikwisha siku ile. Sheria ya Mei 2023, yenye kifungo cha maisha na hata kunyongwa, ilikuja kutafuta nini? Ilikuja kumtafuta mpangaji, mgonjwa, na jirani asiyekwenda kumripoti jirani yake. Vifungu vya kuripoti na vya kupangisha nyumba vilikuwa vya aibu kiasi kwamba Mahakama ya Katiba yao, iliyoacha sehemu kubwa ya sheria, iliviondoa Aprili 2024.

Na sisi je? Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa kinasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Sijaona kesi hata moja nchini inayokipinga. Oktoba 2017 polisi walivamia mkutano kwenye hoteli moja Dar es Salaam, wakakamata watu 13, wakiwemo wanasheria kutoka Afrika Kusini waliofukuzwa nchini baadaye. Walikuwa wakijadili kesi kuhusu kufungwa kwa vituo vya huduma za UKIMWI, vilivyosimamishwa na Wizara ya Afya mwanzoni mwa mwaka ule. Dawa, siyo pete.

Wakati huohuo kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu kujamiiana "kinyume cha maumbile", kipo, kizima. Waingereza walikileta Tanganyika na sheria ya jinai ya 1930, kikiwa kimetoka India kupitia Australia, kwa hiyo anayeniambia ni mila ya Wagogo aniletee mzee mmoja wa Kigogo aliyekitunga. Adhabu ilikuwa hadi miaka 14. Mwaka 1998, kwenye sheria iliyokusudiwa kuwalinda wanawake na watoto dhidi ya ukatili wa kingono, ikapandishwa: maisha, na isipungue miaka 30. Watu wazima wawili walioridhiana, ndani ya chumba walichokodi, wanaanzia palepale anapoanzia mbakaji. Mtu anayejali haki, mwenye dini au asiye nayo, angekuwa na la kuuliza hapo. Karatasi iliyokunjwa mara nne haikuuliza.

Aliyeuliza la maana hakuandika. Alikuwa mama mmoja aliyebaki nyuma akijifanya anafunga kanga, watu walipoisha akasogea. "Mbukwa, mwanangu," alinisalimu kwa Kigogo. Kijana wake, chuo, alivutwa kwa simu na mtu aliyejifanya mpenzi, akapigwa picha, akaanza kudaiwa laki tano kila mwezi. Mwenye nyumba amesikia, ametupa godoro nje, na kodi ya miezi sita ilishalipwa. Haya ndiyo majibu niliyompa, haraka haraka, maana gari lilikuwa linapiga honi.

Kutishia mtu ili atoe fedha ni kosa la jinai, na anayetishia kusambaza picha mtandaoni ana mashtaka mengine chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Usifute ujumbe hata mmoja. Usitume tena pesa. Ulizotuma, tunza miamala yake. Kituoni nenda na wakili, eleza ulichotendewa wewe, usianze kusimulia maisha yako. Kifungu cha 154 kinaadhibu tendo lililothibitishwa, hakiadhibu mwendo, sauti, wala namba za simu. Kijana akikamatwa, aambiwe sababu, ndugu wajue alipo, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na asisaini maelezo asiyoyasoma. Wakitaka kumpeleka kupimwa sehemu za siri, akatae na wakili aandike kwamba amekataa; Mahakama ya Rufaa ya Kenya, ikikaa Mombasa Machi 2018, ilikwisha kusema vipimo hivyo vya kulazimisha ni haramu, na kitaalamu havithibitishi kitu. Akipigwa, achukue fomu ya polisi, PF3, siku hiyohiyo, na "wananchi wenye hasira kali" ni washtakiwa kama wengine. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ana mkataba. Kutupa vitu nje bila notisi ni kuuvunja, na baraza la kata linatosha kuanzia. Na kwa wengine wenye shida za namna hii: mhudumu wa afya akitangaza hali ya VVU ya mgonjwa amevunja sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008. Andika barua kwa mganga mfawidhi, nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu, ofisi ziko hapa mjini. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hafukuzwi nyumbani, hata kwa hili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamdai mzazi chakula, malazi na shule. Mchungaji anayetaka kumfungia ndani siku tatu bila kula ili "pepo litoke" anafanya kosa la kumzuia mtu isivyo halali, na kola yake haimsaidii.

Na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hawatozi mtu asiye na uwezo. Anayeomba elfu ishirini ya kufungulia faili, muulize cheti.