Papai, Kidonda na Sahani ya Maabara

Mpishi wa mishkaki anajua kwamba papai bichi hulainisha nyama. Utomvu wake una papeini, kimeng'enya kinachovunja protini. Katika hospitali ya Royal Victoria mjini Banjul, Gambia, sifa hiyohiyo iliwasaidia watoto walioungua moto: papai lilipondwa, likapakwa kila siku juu ya kidonda, nyama iliyokufa ikabanduka. Taarifa ya tiba hiyo ilichapishwa mwaka 1999.

Sasa tulipeleke papai hilo maabara. Kipimo cha dawa za vidonda kinachopendwa sana huko ni cha mkwaruzo. Seli za ngozi hukuzwa kwenye sahani ya plastiki, katika joto la nyuzi 37, mpaka zitandae kama jamvi. Mtafiti huburuta ncha ya pipeti katikati yake, pakabaki mstari mtupu. Hilo ndilo jeraha. Kisha hutia maji ya mmea, hupiga picha kwa darubini, na baada ya saa 24 hupima mstari umezibika kiasi gani, akilinganisha na sahani isiyotiwa dawa.

Papai litaanguka mtihani huo. Papeini itazing'oa seli, kama inavyofanya tripsini, kimeng'enya ambacho maabara zenyewe hukitumia kubandua seli sahanini. Dawa iliyosafisha vidonda vya watoto itaandikwa kuwa ni sumu.

Kosa si la papai. Kidonda hakiponi kwa kazi moja: damu igande, vijidudu vidhibitiwe, uozo uondoke, mishipa midogo ichipue, ndipo ngozi ijifunge. Sahani huona hatua hiyo ya mwisho tu, tena kwa sehemu. Haina damu wala askari wa mwili. Hata seli zake mara nyingi ni za ukoo wa HaCaT, uliotangazwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 1988, ambazo huzaliana bila kikomo, jambo ambalo seli za ngozi yako haziwezi.

Kufaulu nako kuna mitego. Mstari unaweza kuzibika kwa sababu seli zimehama, au kwa sababu zimeongezeka. Mtafiti makini huzuia kwanza mgawanyiko wa seli ili atenganishe mambo hayo mawili. Kuna pia kipimo cha uhai, ambapo rangi ya njano hugeuka zambarau ndani ya seli hai. Baadhi ya mimea huigeuza rangi hiyo yenyewe, hata pasipo na seli moja. Bila sahani ya ulinganisho isiyo na seli, mmea utasifiwa bure.

Kisha kuna usafi. Maji ya mmea huchujwa maabara hadi bakteria wasipite. Jani lililochumwa shambani na kutwangwa nyumbani halichujwi hivyo, na vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni. Kwa hiyo habari njema ya sahanini si ruhusa ya kufunga jani bichi kwenye jeraha wazi.

Ombi langu ni kwa watafiti wenzangu. Kabla ya kuwasha darubini, muulizeni mganga anayeutumia mmea huo: jani hili unaliweka siku ya kwanza damu inapotoka, au kidonda kikishatunga usaha? Jibu lake ndilo lichague kipimo.