Muhogo Mchungu na Mishipa ya Fahamu

Ukiishi Temeke au Kinondoni, bila shaka umekula muhogo wa kuchoma. Huo ni muhogo mtamu, wenye sumu kidogo tu. Muhogo mchungu una sumu nyingi, iitwayo sianidi, na haufai kuliwa kabla ya kulowekwa siku kadhaa na kuanikwa.

Njaa huwafanya watu wafupishe kazi hiyo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipatwa na konzo. Mgonjwa wa konzo hupooza miguu ghafla, wala haponi. Ajabu ni kwamba miguu yenyewe ni mizima. Kilichoharibika ni mishipa ichukuayo amri kutoka ubongoni.

Profesa Désiré Tshala-Katumbay, Mkongo afundishaye katika chuo kikuu huko Portland, Marekani, amechunguza konzo kwa miaka mingi katika wilaya ya Kahemba nchini kwake. Mwaka 2013 yeye na wenzake walitangaza jambo zito: hata watoto waliotembea vizuri, wa eneo lilelile lenye wagonjwa, walikuwa na upungufu katika majaribio ya akili.

Kinga yake haina gharama. Unga wa muhogo hutiwa maji, hutandazwa kwa wembamba, kisha huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka hewani, ndipo ugali husongwa.