Akili Unde na Kijana wa Nariokotome

Chombo kiitwacho akili unde, au akili mnemba, hakijui jambo kama mtu alijuavyo. Kimelishwa maandishi mengi mno, nacho hukisia neno lipi laelekea kufuata jingine. Kwa hiyo kauli iliyokaririwa mara nyingi huweza kuishinda iliyo sahihi.

Tuchukue mfano wa Nariokotome, Turkana. Mwezi Agosti 1984 Kamoya Kimeu aliona hapo kipande kidogo cha fuvu, nacho kikawafikisha watafiti kwenye mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Yako maandishi yanayomtaja Richard Leakey pekee, Kimeu akasahauliwa. Aidha, umri wa kijana huyo ulikadiriwa kwanza kuwa miaka 12 hivi. Uchunguzi wa meno baadaye ukaushusha hadi 8 hivi. Makadirio yote mawili yangali yanasomwa kwenye intaneti.

Msomaji basi hana budi kuuliza: nani kasema, lini, na kwa ushahidi gani? Maandishi ya Kiswahili ni haba, ya Kiturkana ni haba zaidi; kosa likiingia humo, huenda lisipate wa kulisahihisha.