Mtihani wa Leseni Huanzia Kazini

Leseni ya taaluma ni ahadi kwa umma kwamba aliyeipata anaweza kufanya kazi yake bila kumhatarisha anayemhudumia. Kwa sababu hiyo, maswali ya mtihani unaoitangulia hayapaswi kutokana na mada wanazozipenda watunzi wake, bali na kazi yenyewe, ambayo hufahamika kwa uchambuzi wa kazi, yaani uchunguzi unaobainisha majukumu ya taaluma fulani pamoja na maarifa na stadi zinazohitajika kuyatekeleza.

Mfano ulio wazi ni NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi nchini Marekani, ambao hufanywa pia na wauguzi kutoka nje, wakiwemo Wakenya, wanaotaka kuajiriwa huko. Baraza linalousimamia, NCSBN, kwa kawaida huurudia uchambuzi huo kila baada ya miaka 3. Jopo la wauguzi wazoefu huorodhesha shughuli za kazi, kuanzia kutoa dawa hadi kumkinga mgonjwa asianguke, kisha orodha hiyo hufanywa dodoso linalopelekwa kwa wauguzi waliopata leseni karibuni, kwa kuwa mtihani hupima uwezo wa anayeanza kazi, wala si ubingwa wa aliyeizoea.

Kuhusu kila shughuli, dodoso huuliza hasa mambo mawili: hufanywa mara ngapi, na ina umuhimu gani. Majibu haya sharti yasomwe pamoja. Muuguzi hupima shinikizo la damu kila siku, ilhali miezi inaweza kupita kabla hajakutana na mgonjwa ambaye moyo wake umesimama ghafla. Lau wingi ungekuwa kigezo pekee, ujuzi unaookoa uhai ungepewa nafasi finyu kuliko unavyostahili.

Matokeo ya dodoso ndiyo msingi wa jedwali la kutahini, yaani mpango unaoonyesha uzito wa kila eneo katika mtihani. Kwa wauguzi waliosajiliwa, eneo la dawa na tiba za mishipani lilitengewa asilimia 12 hadi 18 katika mpango wa 2019, likapanda hadi asilimia 13 hadi 19 katika mpango wa 2023, huku usalama na udhibiti wa maambukizi ukipanda kutoka asilimia 9 hadi 15 kufikia 10 hadi 16.

Hata hivyo, dodoso hueleza yanayotendwa, si lazima yanayopaswa kutendwa, na likijibiwa na wauguzi wa hospitali kubwa za mijini peke yao, litapotosha sura ya taaluma nzima. Ndiyo maana wahojiwa huteuliwa kwa uangalifu, na matokeo hupitiwa na wataalamu kabla ya kuidhinishwa. Mgonjwa aliyelazwa hana uwezo wa kumtahini anayemchoma sindano. Hivyo mwanataaluma anayelijibu dodoso kwa makini na ukweli humtetea mtu huyo, na humtendea haki mtahiniwa atakayepimwa kwa yale atakayoyakuta kazini.